Kibuyu Nilichokivunja kwa Ajili ya Sabuni

Nachukia mtu anaponiambia kwamba hasira zilimpanda. Anasema hivyo utafikiri hasira ni siafu, zilimkuta amejikalia zake kwenye mkeka zikaanzia kidoleni. Maneno hayo nimeyasikia miaka mingi nikiwa nimeshika sindano na uzi, kwa sababu nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya kijiji, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka hospitali ya Kolandoto. Ukiacha malaria na kuhara, kazi yangu kubwa ilikuwa kuwashona watu waliopandwa na hasira, pamoja na wale walioangukiwa na hasira hizo.

Siku za mnada wa ng'ombe ndizo zilizokuwa mbaya. Jioni waliletwa wawili wawili, aliyepiga na aliyepigwa, mara nyingi ndugu, wote wanavuja damu, wote wamesahau nusu ya jambo lenyewe. Mmoja nilimshona sikio kwa sababu ya kamba ya ng'ombe. Mwingine alivunjwa mkono na kaka yake kwa sababu ya mahali pa kukaa, na kiti chenyewe kilikuwa kigoda. Nami, kwa kuwa niliitwa daktari na watu wasiokuwa na daktari mwingine, nilijiona nina haki ya kuhubiri. Nilivuta uzi huku nauliza, "Sasa ile kamba iko wapi? Umeipata?" Mgonjwa akisema hapana, nilicheka. Nilikuwa na hotuba yangu tayari: ulichoibiwa ni kamba, ulichopoteza ni sikio, na hilo sikio hukuibiwa, ulilipeleka mwenyewe. Niliipenda sana hotuba hiyo. Niliirudia hata nyumbani wakati wa kula, na mke wangu alinisikiliza huku akimtolea mtoto wetu miiba ya samaki.

Mke wangu hakuwa Msukuma kama mimi. Ni Msumbwa wa upande wa Ushirombo, mtoto wa familia ya Kikatoliki ya wakulima, nilimpata mwaka niliokwenda huko na timu ya chanjo. Alikuja kwangu na vitu vichache, kimoja kikiwa kibuyu cha kusukia maziwa, cheusi kwa moshi na mafuta, shingoni kimefungwa ukanda wa ngozi. Kilikuwa cha bibi yake, kikawa cha mama yake, kikawa chake. Siku ya kuagwa mama yake alikitoa mbele ya watu, nikaelezwa kwamba kwa wazee wa ukoo wao kibuyu cha namna hiyo ni mama mkwe mwenyewe amekaa katika nyumba ya mkwe wake. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Moyoni niliwaza kwamba kwetu vibuyu kama hivyo vimetundikwa kila nyumba, na hakuna anayeviamkia.

Ninayoyasimulia yalitokea miaka ile ya mwanzo ya themanini, kila kitu kilipokuwa cha foleni. Sukari foleni, kitenge foleni, mafuta ya taa foleni. Sabuni ilifika dukani mara moja, kisha ikapotea kwa miezi, na ilipofika, balozi wa nyumba kumi alisimama mlangoni kuhakikisha kila kaya inapata kipande chake na si zaidi. Zahanatini tulifua bandeji zilezile tukazianika uani, tukazifunga tena kwa mtu mwingine. Kipande chetu cha sabuni ya mche kilikuwa hakizidi kiganja. Nilikiweka juu ya kigae bafuni nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya mwenye nyumba, kwamba hicho kisiguswe.

Wiki hiyo jirani yetu alikuwa amejifungua. Kichanga kilipofika siku ya saba kilikataa kunyonya. Niliitwa, nikakiangalia, nikaona taya limekaza, nikajua ni pepopunda, na nikajua pia kwamba kabatini mwangu hamna cha kukisaidia. Nilisema kipelekwe hospitali. Mama mtu alikuwa hawezi hata kukaa, baba mtu alikuwa mbali machungani na ng'ombe, na gari halikuwepo. Basi nikasema nitakwenda mjini mwenyewe alfajiri, nitarudi na dawa, na nikibahatika nitarudi na gari.

Sikubahatika. Shinyanga mjini nilikaa kwenye benchi la ofisi ya afya niliyoitegemea mpaka saa sita. Mwenye funguo za stoo hakuwepo, na aliyekuwepo hakuwa na funguo. Mwenye funguo alipokuja alifungua mlango, akanitembeza rafu kwa rafu, zote tupu, akaniambia nije wiki ijayo. Gari lilikuwa limepandishwa juu ya mawe halina matairi. Nikamwambia, "Asante sana, mkubwa." Hilo linaniudhi mpaka leo. Kama kulikuwa na mtu wa kusemeshwa kwa ukali siku ile, alikuwa yeye, nami nilimpa asante na kumfungia mlango taratibu.

Nilirudi na jua la mchana, upepo wa vumbi usoni, pancha mbili. Dawa sikuwa nayo, kwa hiyo kilichokuwa kikinivuta nyumbani, nasema kweli, kilikuwa ile sabuni. Njia nzima nilikuwa naoga kichwani. Nilijiona nimevua shati, najimwagia maji, napaka povu nyuma ya masikio. Nilifika saa kumi hivi. Kwa jirani sikupita kwanza, kwa sababu ningemwambia nini? Nilijipa ruhusa ya kuoga kwanza, kisha niende kusema kwamba nimerudi mikono mitupu.

Mke wangu naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Miguu yake ilikuwa na udongo mbichi na ncha za kanga yake zilikuwa zimelowa. Niliviona vyote viwili na sikuuliza. Nilichukua ndoo nikaingia bafuni, kwenye kile kiua chetu cha mabua ya mtama. Kigae kilikuwa kitupu.

Kutoka pale hadi mlango wa jikoni ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu mara nyingi baadaye, kwa miguu na kwa akili. Hatua ya kwanza nilikuwa mtu mchafu aliyekosa sabuni, basi, jambo la kawaida kabisa kwa mwaka ule. Moyo ulikuwa umeshtuka, masikio yamepata moto, na hilo simlaumu mtu yeyote, hata mimi, kwa sababu hata ng'ombe akiguswa ghafla hushtuka. Lakini baada ya hapo nilianza kuongea peke yangu. Kwenye hatua ya nne au ya tano nilijiambia, "Huyu mwanamke ananidharau." Hakuna aliyenipa sentensi hiyo. Sikuiona juu ya kigae. Niliitunga mwenyewe, nikaikubali, na nilipofika hatua ya nane nilikuwa nimeshamuunganisha mke wangu na yule mwenye funguo, wote wamekaa mahali pamoja wananicheka. Nilipofika mlangoni kesi ilikuwa imekwisha, mshitakiwa hajaitwa.

"Sabuni iko wapi?"

"Nimempa jirani," alisema. "Yule mtoto wake—"

"Nyamaza!"

Akanyamaza. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa kwenye mti wa paa, kimejaa maziwa ya kusuka jioni. Nilikikwanyua na ukanda wake nikakipiga kwenye jiwe la kusagia. Binti yetu, wa miaka mitatu na ushee, alikuwa amekaa karibu na jiko anachezea kifuniko cha sufuria. Maziwa yalimrukia usoni. Kwanza alicheka, alidhani ni mchezo, kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

Na nitasema jambo ambalo watu hawalisemi. Kwa muda wa pumzi moja, au mbili, nilijisikia vizuri. Nilijisikia mkubwa. Sijawahi kujisikia mkubwa hivyo tangu nianze kazi ya serikali.

Mke wangu alitandika kanga chini, akaokota vipande kimoja kimoja, hata vile vidogo vya ukubwa wa ukucha, akavifunga. Akamfuta mtoto uso, akambeba mgongoni, akatoka na lile furushi. Nilidhani anakwenda kununa kwa jirani. Nikaenda kuoga bila sabuni.

Nilikuwa navaa shati pale bibi wa kile kichanga, mama mkwe wa jirani, alipoingia uani. Ameshika kitu amekifunga kwa jani.

"Mwadila, dakitali," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayo," nilimwitikia, ndiyo kusema mama.

"Kalikufa saa nne asubuhi. Mkeo katuoshea kenyewe, kwa mikono yake. Sisi tulikuwa hatuna hata kipande. Tumeshakazika, sisi wanawake, kama desturi. Kasema hii iliyobaki tukurudishie, wewe ni mtu wa vidonda, unaihitaji."

Alinyoosha mkono kunipa ile sabuni, kisha macho yake yakaona maziwa yaliyotapakaa jikoni na vumbi lililogeuka uji. Akaiweka sabuni juu ya kizingiti akaondoka.

Mtu angetegemea kwamba hapo nilianguka kwa majuto. Sikuanguka. Asubuhi yake niliposikia kwamba mke wangu kapanda lori la pamba kuelekea Kahama, njia ya kwao, nilikasirika upya, safari hii kwa sababu kaondoka bila kuniaga! Siku tatu nilitembea nikitunga maneno ya kumwambia. Kwamba hata yeye angeweza kusema haraka zaidi. Kwamba angeweza kuacha alama, akaweka jiwe juu ya kigae, kitu chochote. Nilimshona mtu kichwa siku hizo na sikumhubiria neno. Siku ya nne maneno yaliniishia, nikabaki na nyumba isiyokuwa na sauti, na ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikuwa nimewakosa mke na mtoto kwa ajili ya sabuni ambayo hata haikuwa imeisha.

Niliomba likizo fupi nikaenda Ushirombo. Nilipokelewa kwa adabu zote, kiti, maji ya kunywa, na sikupewa kitu kingine. Mama mkwe kwao haonani na mkwe uso kwa uso, kwa hiyo alibaki ndani, na mdogo wake mke wangu akawa anaingia na kutoka kuleta maneno.

"Shemeji, mama anasema kibuyu amekiona. Anasema umemrudishia mtoto wake, asante, amempokea."

"Mwambie sikumaanisha hivyo. Nilivunja kibuyu tu."

Aliingia, akatoka. "Anasema yeye hakutoa kibuyu tu."

Nikasema nimekuja kuomba msamaha, nimekuja na mguu wangu, nifanye nini zaidi? Jibu likaja kwamba msamaha wangu hauna wa kuupokea. Aliyepokea ng'ombe wa mahari ni baba, naye yuko machimboni upande wa Rwamgasa anatafuta dhahabu, na hakuna awezaye kufungua jambo hilo yeye asipokuwepo. Atarudi lini? Hawajui. Mke wangu sikumwona kabisa. Mtoto nilimwona kwa mbali, amesimama nyuma ya mguu wa mtu. Nilimwita. Hakuja.

Nilitoka pale nimeuma meno. Niliona wananizungusha, na labda walikuwa wananizungusha. Nikapanda lori hadi njia panda, nikatembea, nikauliza, nikamkuta baba mkwe kesho yake kwenye kibanda cha nyasi, kati ya mashimo na vifusi vya udongo mwekundu. Wakati ule watu walichimba kwa kujiiba, mguu mmoja tayari kukimbia. Alikuwa mzee mfupi, mbishi, anayegombana na nzi. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeshasikia. Usiseme."

"Baba, nimekuja kwa sababu—"

"Nimesema usiseme! Mbele ya mawe hatuzungumzi ugomvi. Una macho? Mawe yale pale."

Aliyaonyesha. Magunia saba ya mawe kutoka kwenye duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo. Mwiko wao ulikuwa huo: mawe yakishatolewa, mpaka yapondwe na kuoshwa, hakuna anayeruhusiwa kutamka ugomvi pale, wa kwake wala wa mwenzake, dhahabu isije ikakimbia. Nilimuuliza kuponda kutachukua siku ngapi. Akasema inategemea mikono, mwenzake ana homa, na kwa vile nimekuja basi tuko wawili.

Nilikaa siku sita. Kazi yangu ilikuwa kuponda. Unaweka mawe kwenye kinu cha chuma, unaponda kwa mtwangio wa chuma mpaka yawe unga, unachekecha, unarudisha makapi, unaponda tena. Mikono iliota malengelenge siku ya kwanza, yakapasuka siku ya pili. Na yeye alikuwa hanyamazi. Nimekaa vibaya. Nimejaza kinu mno. Naponda kama mtu anayempiga mtu.

"Punguza! Unaona unavyorusha?" alifoka siku ya pili. "Huo unga unaoruka ndiyo dhahabu yenyewe inaruka. Mawe umeyaacha chini, mali umeitupa kwenye nyasi."

Nilitaka kuutupa ule mtwangio nimwambie amalize mwenyewe. Niliunyanyua kabisa. Kilichonizuia si hekima. Nilikumbuka tu kwamba nikitupa, sina pengine pa kwenda. Nikaushusha taratibu, nikaponda kwa kipimo, na unga ukabaki kinuni. Dakika chache baadaye nilikuwa siwezi hata kueleza nilichokuwa nimekasirikia. Mzee alikuwa amesema kweli, nilikuwa narusha. Jambo hilo liliniudhi kuliko ukali wake. Ina maana ningesubiri vile jikoni, muda wa kunywa maji tu, kibuyu kingekuwepo!

Siku nne zilizobaki niliponda huku nikizipita zile hatua kumi na moja, kwenda na kurudi. Nilitafuta mahali ambapo mtu mwingine alinisukuma. Nilimtafuta mwenye funguo, sikumkuta, alikuwa amebaki mjini. Nilimtafuta mke wangu, naye alikuwa amesimama tu jikoni na miguu yake yenye udongo. Jua, vumbi, pancha, kifo cha kile kichanga, vyote hivyo havikuwa mikononi mwangu, na hakuna kimoja kilichogusa kibuyu. Kilichokuwa mikononi mwangu kilikuwa ile sentensi moja ya kutunga, na hiyo ndiyo sikuiangalia hata kidogo. Nilikuwa nimewashona watu kwa miaka na sikuwahi kuwauliza swali hilo, walijiambia nini kabla ya kunyanyua fimbo. Nilikuwa nauliza kamba iko wapi, kama mpumbavu.

Siku ya sita tuliosha ule unga wote juu ya ubao wenye magunia. Magunia saba ya mawe yakatoa chembe ya dhahabu ambayo ungeweza kuifananisha na punje ya ulezi. Mimi ndiye niliyekasirika. Nilipiga teke ndoo.

"Unamkasirikia nani?" baba mkwe aliuliza, akiwa anaifunga ile chembe kwenye karatasi ya sigara. "Jiwe?"

Akaiokota ndoo, akaitazama kama imetoboka, akasema, "Twende nyumbani. Sasa unaweza kusema." Na mimi, niliyekuwa nimebeba maneno siku zote hizo, sikuwa na la kusema. Tulikwenda mpaka Ushirombo.

Kesi ilifanyika uani, mchana. Baba mkwe kwenye kiti, mimi kwenye kigoda, mama mkwe nyuma ya ukuta ambako sauti yake ilisikika vizuri, mke wangu kwenye mkeka ameinamisha uso. Vile vipande viliwekwa katikati yetu juu ya ile kanga. Nilikuwa nimetayarisha ungamo refu. Nilianza, "Baba, mama, nimekosa—" na mama mkwe akanikatiza kutoka ndani.

"Hayo tumeyasikia. Mwulizeni mwanangu anataka nini."

Mke wangu akasema, bila kuninyanyulia uso, "Siku ile aliniuliza sabuni iko wapi. Sikumaliza kumjibu. Nataka aniulize tena."

Baba mkwe akanigeukia. "Muulize."

Ndugu msomaji, nimewahi kuchimba risasi kutoka paja la mtu bila ganzi, na haikuwa ngumu kama hilo. Nilimtazama baba mkwe kuona kama ni mzaha. Hakuwa na mzaha.

"Sabuni," nilisema. "Sabuni iko wapi?"

Akajibu. Alijibu taratibu, kuanzia mwanzo. Kwamba nilipoondoka alfajiri alikwenda kukaa na jirani. Kwamba kichanga kilikuwa kinajikunja kama upinde kila kikiguswa, na mama yake kila baada ya muda aliuliza kama baiskeli imesikika. Kwamba yeye alimjibu, "Atarudi, mume wangu akisema anarudi anarudi." Kwamba kilipokata roho mama yake aliomba tu kioshwe vizuri, kwa sababu hakikuwahi kuogeshwa kwa sabuni tangu kizaliwe, na yeye akasimama, akaja nyumbani, akaitazama ile sabuni yangu juu ya kigae, akaogopa. "Niliogopa," alisema. "Nilisimama pale bafuni nikiogopa kipande cha sabuni, na mtoto wa watu amelala kule. Ndipo nikajiambia, hapana, mume wangu anashona watu, ataelewa. Nikaichukua." Alisema kwamba alipotoka makaburini alifurahi kuona baiskeli yangu, maana alikuwa hana mtu wa kumweleza.

Hakuna aliyenigombeza baada ya hapo. Ningependa wanigombeze. Baba mkwe alitoza faini yake ya ng'ombe, nikakubali kabla hajamaliza, na mama mkwe akasema kutoka ndani kwamba mwanawe anaweza kwenda, ila kibuyu kingine hatatoa. Mke wangu alifunga mizigo yake kesho yake.

Tulirudi, na kwa nje tukawa sawa. Sikuvunja tena kitu. Nilijifunza kujikamata pale pa kushtuka, kabla sijaanza kuongea peke yangu. Siku nyingine nilitoka nje nikazunguka nyumba, mke wangu akanicheka kwamba nalinda wezi. Nilijiona nimepona. Niliona hata ajabu kidogo kwamba mtu anaweza kulipa faini moja na mambo yakaisha.

Miezi kadhaa ilipita hivyo. Siku moja zahanati ilifungwa mapema, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nasukuma baiskeli. Mke wangu alikuwa kisimani. Binti yetu hakuniona. Alikuwa amesikia mnyororo wa baiskeli, naye akawa anatoka jikoni na kuingia, haraka lakini bila kelele, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Alitoa sahani mbili za bati akaziweka nyuma ya ghala. Akarudi akatoa kikombe. Akarudi akatoa mtungi mdogo, akiuviringisha kwa sababu hakuweza kuubeba.

"Unafanya nini, mwanangu?"

Alishtuka, akakumbuka adabu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vyombo vinakwenda wapi?"

"Umekuja," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu, na kwake lilikuwa jibu.

Mke wangu alikuwa amefika na ndoo kichwani. Nilimuuliza kwa macho. Alitua ndoo kwanza. "Anafanya hivyo kila siku tangu turudi," alisema. "Ukishakula, ukikaa vizuri, anavirudisha. Nilimkataza, akawa analia, nikamwacha."

Miezi yote ile nilikuwa nimedhani tu kwamba tuna vyombo vichache. Nilisimama pale mlangoni nimeshika usukani, nikitafuta neno la kumwambia mtoto wa miaka minne, na mtoto hakuwa na muda wa kunisubiri. Kulikuwa kumebaki chimni ya taa ya kandili, kioo. Aliichukua kutoka mezani, akaikumbatia kifuani, akaja nayo hadi mlangoni nilipokuwa nimeziba njia, akasimama akingoja.

Nikasogea pembeni, nikampisha apite nayo.